Nguvu za Mikono na Subira ya Kano

Mtu anaposimama juu ya viganja vyake, kichwa chini na miguu juu, watazamaji hupiga makofi na kusema kwamba ana nguvu. Kauli hiyo haina kosa, ila haituelezi lolote. Nguvu hizo zimekaa wapi mwilini? Zimejengwa kwa muda gani? Na kwa nini kijana mwingine, mwenye kifua kipana na mikono minene, awezaye kujitwika gunia la mchele bila kutweta, huanguka chali mara tu anapojaribu jambo hilo hilo? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kadiri sayansi ya leo inavyoruhusu, na kisha kutoa hoja ambayo najua haitawapendeza wote: kwamba shule zetu za sekondari zinakosea kuuachia mtaa peke yake ufundi huu.

Nakaa Mwembesongo, katika Manispaa ya Morogoro. Jioni, jua linapojificha na milima ya Uluguru ikaanza kuwa ya buluu, vijana hukusanyika kwenye uwazi wowote uliosalia baina ya nyumba na kuanza mazoezi yao. Wachache wao wana mwalimu, yaani mwanasarakasi mkubwa aliyekwisha kupanda majukwaani. Walio wengi wana simu tu. Humo huona picha za watu wa nchi za mbali wakijiinua kwa mikono katika mikao ya yoga yenye majina ya Kisanskriti, mwili ukiwa umelala hewani kama ubao, nao hutaka kufanya vivyo hivyo kabla ya Ijumaa. Picha haisemi kwamba huyo anayeonekana amefanya mazoezi kwa miaka kumi. Matokeo yake ni kwamba si ajabu kumkuta mtoto wa kidato cha pili akiwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, naye bado anaendelea kuruka.

Ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporejea likaundwa kundi la taifa la sarakasi mwaka 1969. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, sarakasi ikapata nafasi yake pamoja na ngoma, maigizo na uchoraji. Chuo hicho ndicho leo kinachoitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwezi Februari mwaka 2024 Watanzania wawili, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wajulikanao kwa jina la Ramadhani Brothers, walishinda shindano la televisheni la Marekani liitwalo America's Got Talent: Fantasy League. Mmoja wao husimama kwa kichwa juu ya kichwa cha mwenzake, bila mkono wowote kushika kitu. Kwa upande wa yoga, shirika la Africa Yoga Project lilianzishwa Nairobi mwaka 2007 baada ya mwalimu wa Kimarekani, Paige Elenson, kukutana na wanasarakasi wa Kenya waliokuwa wakisimama kwa mikono. Yoga na sarakasi, basi, zilitambuana katika Afrika Mashariki kwa njia ya kiganja. Na hata huko India mikao ya kujiinua kwa mikono ni ya kale: mkao wa tausi, ambamo mwili mzima hubebwa na viganja viwili huku viwiko vimekita tumboni, umeelezwa katika kitabu cha Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15.

Sasa tuiangalie fizikia yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu amekwisha kujifunza kwamba kitu hakianguki ilimradi mstari wa wima upitao katika kitovu chake cha uzito unaangukia ndani ya kitako chake. Mtu aliyesimama kwa miguu ana kitako chenye urefu wa nyayo zake, kama sentimita 25, na misuli minene ya shavu la mguu ya kurekebisha kila anapoyumba. Mtu aliyesimama kwa mikono ana urefu wa kiganja tu, kama sentimita 18, na kitovu chake cha uzito kipo karibu mita moja juu ya ardhi. Isitoshe, kitako hicho kidogo hakikugawanyika sawasawa. Mbele ya kifundo cha mkono kuna kiganja kizima na vidole. Nyuma yake kuna kisigino cha kiganja peke yake, sentimita chache mno. Kwa hiyo, mwili ukielemea upande wa vidole, vidole huikanyaga ardhi na kuurudisha. Ukielemea upande wa pili, vidole havina msaada, na mtu hulazimika kukunja viwiko au kuyumbisha mabega ili asianguke. Watafiti wa Uingereza, David Kerwin na Grant Trewartha, walipima jambo hili mwaka 2001 na kuona kwamba kazi kubwa ya kutunza msawazo hufanywa na kifundo cha mkono. Mabega na nyonga husaidia. Ndiyo sababu mbeba gunia huanguka. Misuli yake ni mikubwa, ila vidole vyake havijapata kufundishwa kazi ambayo nyayo zake huifanya tangu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja.

Mikao ya kulala hewani ina hesabu nyingine, na hapa ndipo penye utamu kwa mwalimu. Tuchukue kijana mwenye tungamo la kilogramu 60, yaani uzito wa nyutoni 600 hivi. Ameweka viganja chini, amenyoosha mikono, na mwili wake umelala sambamba na ardhi bila miguu kugusa. Ili asianguke, kitovu chake cha uzito lazima kiwe wima juu ya viganja. Kwa hiyo mabega yake yatatangulia mbele ya viganja kwa masafa yaliyopo baina ya bega na kitovu hicho, tuseme sentimita 40. Momenti ya kani kwenye mabega ni nyutoni 600 mara mita 0.4, yaani nyutoni-mita 240, au 120 kwa kila bega. Huo ni mzigo mkubwa mno kwa mtu asiyeuzoea. Sasa kijana huyo huyo na akunje magoti hadi kifuani. Hakupungua hata gramu moja, lakini miguu imesogea kuelekea mabegani, na kitovu cha uzito kimesogea nayo. Ikiwa masafa yamepungua hadi sentimita 25, momenti inakuwa nyutoni-mita 150. Akinyoosha mguu mmoja tu atapata kiasi kilicho katikati.

Hapa pana siri yote ya kujenga nguvu hizi. Mnyanyua vyuma huongeza vyuma. Mwanasarakasi na mwanayoga hawana vyuma. Wao huongeza urefu wa nyenzo. Mwili ule ule ni mzigo mwepesi au mzito kulingana na umbo ulilopewa. Mwenye kulifahamu hili hatakuwa na haja ya kujaribu mkao wa mwisho mara mia na kuanguka mara mia. Atauliza: umbo lipi ninaweza kulishika kwa sekunde kumi leo bila kutetemeka? Kisha atalirefusha kidogo baada ya wiki kadhaa.

Nimeandika «wiki kadhaa» kwa makusudi, kwa sababu swali la muda ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mwili haujengi nguvu kwa mwendo mmoja. Una mafundi watatu, na kila mmoja ana kasi yake.

Fundi wa kwanza ni mishipa ya fahamu. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walionyesha kwamba nguvu anazopata mtu katika majuma ya mwanzo ya mazoezi hutokana zaidi na ubongo kujifunza kuziamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja, kabla misuli yenyewe haijanenepa. Kijana anayeanza leo anaweza kujiona ana nguvu mpya baada ya wiki mbili, nazo ni nguvu kweli. Fundi wa pili ni msuli wenyewe, ambaye huanza kuonekana baada ya mwezi au miezi miwili, endapo chakula kinatosha. (Nisisitize kwamba chakula hicho si lazima kitoke dukani kwenye kopo lenye picha ya mtu aliyetuna, maharage, dagaa, mayai, maziwa na usingizi wa kutosha vimewatosha wengi.) Fundi wa tatu ni kano, zile kamba nyeupe zinazoufunga msuli kwenye mfupa. Huyu ni mwenye taratibu kuliko wote. Kano ina damu chache na seli chache, na hukomaa kwa miezi mingi mahali ambapo msuli ulihitaji wiki.

Kuhusu kano kuna utafiti mmoja ambao kila mwalimu wa baiolojia apaswa kuujua. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1955 hadi 1963 yaliongeza kaboni-14 katika hewa ya dunia nzima, na kila kiumbe kilichoishi wakati huo kilibaki na alama yake. Mwaka 2013 Katja Heinemeier na wenzake nchini Denmark waliitumia alama hiyo kupima umri wa kano ya kisigino cha binadamu. Waligundua kwamba kiini cha kano hiyo hujengwa katika miaka 17 hivi ya mwanzo ya maisha, kisha hakifanywi upya ila kwa kiasi kidogo mno. Walichunguza kano ya kisigino na si ya kifundo cha mkono, nasi tusiupeleke ushahidi mahali usikofika. Hata hivyo mwanafunzi wa sekondari anapaswa kuisoma habari hiyo kwa makini, maana umri unaotajwa ni umri wake. Kamba anayoivuta leo huenda ndiyo atakayoitumia uzeeni.

Basi hatari yenyewe ni hii. Mishipa ya fahamu imekwisha kujifunza, msuli umeanza kunenepa, na kijana anajiona yu tayari. Kano bado ni ya mwezi uliopita. Hapo ndipo maumivu huanza, si siku ya kwanza anapoogopa, bali mwezi wa pili anapojiamini.

Kwa mtoto anayekua kuna jambo la ziada. Ncha ya mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba ina tabaka la gegedu ambalo ndilo linaloukuza mfupa huo, na tabaka hilo hufunga karibu na umri wa miaka 16 hadi 19. Mfupa huo ndio unaopokea takriban asilimia 80 ya mzigo unaopita katika kifundo cha mkono. Madaktari wa wana-jimnastiki wanalifahamu vizuri jeraha la tabaka hilo: huanza kama uchungu mdogo wa upande wa nyuma wa kifundo mkono unapokunjwa, na likipuuzwa laweza kuuzuia mfupa kukua inavyopasa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo niliona walimu wa jimnastiki wakimrudisha nyumbani mtoto aliyelalamika hivyo, bila mjadala. Hapa kwetu mtoto huyo huambiwa avumilie, kwani maumivu eti ndiyo nguvu inayoingia. Sijui imani hii ilitoka wapi, lakini baiolojia haiijui.

Kukua kwenyewe nako huleta fadhaa. Kijana aliyekuwa akisimama kwa mikono barabara akiwa na miaka 13 hujikuta hawezi tena akiwa na 15, akadhani amelegea au amerogwa. Na afanye hesabu. Nguvu ya msuli hufuata eneo la mkato wake, yaani mraba wa urefu. Uzito hufuata mjao, yaani mchemraba wa urefu. Mwili ukirefuka kwa asilimia 10 huku umbo likibaki lile lile, nguvu huongezeka kwa asilimia 21, lakini uzito huongezeka kwa asilimia 33. Kijana hakulegea. Amekuwa mzito kupita nguvu zake kwa muda, na inampasa arudi hatua mbili nyuma mpaka misuli imfikie.

Pengine msomaji atasema kwamba hizi ni taratibu za Wazungu, na kwamba wazee wetu hawakuwa na mizani wala vitabu. Kinyume chake, jamii zetu zimekuwa zikiongeza mzigo hatua kwa hatua tangu zamani. Tazama akina mama wanaoshuka kutoka miteremko ya Uluguru na matenga ya ndizi na mboga kichwani kuja sokoni Morogoro. Hakuna aliyeanza na tenga. Alianza na kopo la maji, akaja kwenye ndoo ndogo, na ilimchukua utoto mzima. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya akina mama wa Kijaluo na Kikikuyu, vikionyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu akina mama wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa jumla. Walitofautiana sana mtu na mtu. Nataja yote mawili ili mwanafunzi aone kwamba jibu la sayansi huweza kurekebishwa. Lakini juu ya njia ya kujifunza hapana ubishi: hakuna mama atakayemtwika binti wa miaka saba tenga la mtu mzima. Kwa nini basi tunamwacha mwanawe wa miaka 14 aubebe mwili wake wote kwa mkono mmoja, kwa kuwa tu mzigo huo hauna tenga?

Nimekwisha kusikia hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wanasarakasi wetu mashuhuri, husemwa, walifundishwa kwa ukali tangu utotoni, juu ya mchanga, bila daktari wala mwalimu wa fizikia, nao wametufikisha mbali. Ni kweli. Ila tunaowaona jukwaani ni wale ambao vifundo vyao vilihimili. Waliovunjika hawapandi jukwaani ili tuwahesabu. Kuwatazama washindi peke yao na kusema kwamba njia yao ni salama ni kosa ambalo mwalimu wa hisabati asingelikubali katika somo la takwimu.

Wala sitaki nieleweke kwamba namdharau mwalimu wa mtaani. Anajua mambo ambayo sisi wa vyuoni hatuyajui. Humshika mwanafunzi nyonga kwa vidole viwili na kujua ataanguka upande gani kabla hajaanguka. Humfundisha kuanguka kabla ya kumfundisha kusimama, jambo la busara kubwa. Humwambia asukume ardhi mpaka mabega yaguse masikio, na kwa kufanya hivyo humwamsha yule msuli wa ubavuni wenye meno kama msumeno, ambao kazi yake ni kulishikilia kombe la bega lisitoke mahali pake. Bila msuli huo hakuna mkao wa mikono ulio salama. Anachokosa ni mpango wa mapumziko, kipimo cha umri, na mtu wa kumwambia kijana «leo basi» bila kuonekana mwoga.

Shule inavyo hivyo vyote. Ina ratiba, ina rejesta yenye umri wa kila mwanafunzi, na ina mamlaka. Mwalimu wa fizikia ana momenti za kani, wa baiolojia ana misuli na mifupa, wa michezo ana kiwanja. Lakini watatu hawa hukutana katika chumba cha walimu tu, na sarakasi yenyewe hubaki nje ya uzio pamoja na jina lake la uhuni. Napendekeza iingizwe ndani. Mwanasarakasi wa mtaani aalikwe mara moja kwa juma na alipwe kwa kazi yake. Kidato cha kwanza na cha pili washinde kwenye mikao mifupi: viganja ukutani, viganja chini na magoti chini, pushapu za taratibu, kisha mkao wa magoti juu ya viwiko, vidole vya miguu vikiacha ardhi kwa sekunde chache. Mwenye kifundo kisichokunjika vyema ashike vipande viwili vya mbao badala ya kukandamiza kiganja. Siku mbili za mazoezi zisifuatane. Mwenye maumivu ya kifundo asimame mpaka yaishe, na yakizidi wiki mbili apelekwe hospitali. Wasichana washiriki sawa na wavulana, wakiwa na mavazi yafaayo. Sioni sababu yoyote ya kisayansi ya kuwaweka kando. Mkao wa mkono mmoja, na kuruka kutoka juu na kutua kwa mikono, visubiri mpaka mifupa ikomae.

Kwa kuanzia, hapahitajiki hata kiwanja. Mwalimu atwae ubao imara wa mita mbili, ncha moja aiegemeze juu ya ukingo wa tofali na ncha ya pili juu ya mizani, na aandike kipimo cha ubao mtupu. Mwanafunzi wa kilo 50 alale chali, nyayo zikiwa sawa na ukingo wa tofali. Ikiwa mizani imeongeza kilo 23, kitovu chake cha uzito kipo umbali wa 23 mara 2 gawanya kwa 50, yaani mita 0.92 kutoka nyayoni. Kisha akunje magoti kifuani bila kusogeza mgongo, na darasa lisome tena: mizani itapanda kwa kilo tatu au nne, nacho kitovu kitakuwa kimesogea sentimita 12 hadi 16 kuelekea mabegani. Darasa likokotoe wenyewe momenti ya bega kwa kila umbo, mguu mmoja, miguu miwili, miguu iliyotanuliwa, na lipange maumbo hayo kutoka jepesi hadi zito. Orodha hiyo ndiyo ratiba ya mazoezi ya mwaka mzima. Shule isiyo na mizani ya kupimia watu yaweza kuazima ile ya jukwaa itumiwayo kupimia mazao, ambayo wenye maghala karibu na masoko huwa nayo, mradi ijaribiwe kwanza kwa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo maji yake peke yake yanapaswa kuwa kilo 20.